Siku Serikali Ilipotupikia Sufuria Mbili

Ipo siku moja ya ujana wangu ambayo haijanitoka kichwani mpaka leo, na nataka nikusimulie, mwanangu, kabla hujaianza hiyo kazi yako mpya. Umeniambia ofisi ya jiji imekuteua uwe mtu wa kukutana na watu wa dini kwa niaba ya serikali: maaskofu, masheikh, wachungaji wa makanisa ya mabati, na hawa wenzetu waliokimbia Sudan Kusini wakaja na makanisa yao. Nimefurahi. Majirani wote hapa Arua nimeshawaambia, hata yule muuza mkaa ambaye hakuniuliza. Lakini ndani ya furaha yangu kuna kitu kinachonichoma, na kama una haraka leo, basi iahirishe. Mimi sisimulii kwa mbio.

Siku hiyo ilikuwa kule nyumbani Koboko, nikiwa binti ambaye hajaolewa. Babu yako Luka, baba yangu, alikuwa katekista. Hukumkuta, na pole yako, maana alikuwa mtu wa kuchekesha ambaye mwenyewe hakucheka. Watu walimwita Mwalimu. Mdogo wake, baba mmoja mama mmoja, alikuwa Swali, naye alikuwa Mwislamu. Alipokuwa kijana mdogo alikwenda kukaa mjini kwa mfanyabiashara wa nguo, Mnubi wa Kiislamu, akamsaidia dukani miaka mingi, akarudi nyumbani na kofia kichwani na sala tano kwa siku. Hakuna aliyegomba. Bibi yangu, mama yao, alisema jambo la maana ni kwamba mtoto amerudi. Ndivyo tulivyo kwetu, na sijui kama nyinyi mliozaliwa mjini mnalijua hilo vizuri. Nyumba ya baba na nyumba ya baba mdogo Swali zilitazamana, uwanja ukiwa katikati, na jiko la shughuli kubwa lilikuwa moja.

Sasa sikiliza desturi yetu, maana jambo lote limesimama hapo. Ng'ombe au mbuzi akichinjwa pale kwetu, iwe harusi, iwe matanga, iwe Krismasi, iwe Idi, aliyechinja alikuwa baba mdogo Swali. Baba yangu alishika kamba, mdogo wake alishika kisu. Baba mdogo alitaja jina la Mungu akachinja, na nyama ikiiva baba yangu aliomba juu ya sufuria, tukala wote. Hakuna kikao kilichokaa kupanga hivyo. Sababu yake hata mtoto aliijua: akichinja Mwislamu, kila mtu atakula, akichinja mwingine, kuna ndugu atakayeondoka na njaa. Nani anataka ndugu yake aondoke matangani na njaa? Padri alipotutembelea alikula. Sheikh wa mjini alipopita alikula na akaomba kuongezewa mchuzi. Mimi nilikuwa mmoja wa wapishi, kwa hiyo haya sikuambiwa na mtu.

Miaka hiyo tulikuwa tumechoshwa na vita. Vijana wetu wengi walikuwa msituni, na serikali ilikuwa inasema atakayetoka na kuweka bunduki chini hatafanywa kitu. Lakini kijana aliye porini atamwamini nani? Askari? Serikali ikawaomba watu wa dini wasaidie, na kwa hilo ninaisifu, lilikuwa wazo zuri. Baba na baba mdogo walipanda baiskeli moja, mmoja akiendesha na mwingine nyuma, wakibadilishana kwenye milima, wakaenda kuzungumza na wale vijana. Hawakugawana kwamba wewe ongea na wako na mimi niongee na wangu. Walikaa nao, wakala mihogo yao, wakawaambia mama zenu wanalia. Wengi walitoka. Wengine ni wazee wa heshima leo, na nikikutana nao sokoni hapa wananiita dada.

Serikali ikafurahi mno. Ikasema italeta waziri Koboko kuwashukuru watu wa dini na kufungua kamati ya amani ya dini zote. Kutakuwa na hotuba, kutakuwa na karamu kwenye uwanja wa shule. Aliyepewa kazi ya kupanga alikuwa ofisa mmoja kutoka wilayani, kijana mpole, msafi, anayesalimia mpaka watoto. Nasema wazi kwamba hakuwa mtu mbaya, ili usije ukadhani nakusimulia habari za mtu mbaya. Kumbe huko alikofanya kazi mwanzo, watu waliwahi kugombana kwenye sherehe kwa sababu ya nyama, meza zikapinduliwa, na akapata aibu. Alikuja kwetu na woga huo ndani ya mfuko. Angemwuliza mwanamke yeyote anayekoroga ugali pale Koboko, angeambiwa namna tunavyokula, na angelala usingizi wake. Hakuuliza. Aliwaita watu wa dini ofisini kwenye gombolola, makao ya tarafa yetu, mmoja mmoja.

Nakumbuka baba alirudi kutoka huko akiwa kimya. Kesho yake baba mdogo Swali naye akaitwa, naye akarudi kimya. Sisi wanawake tulidhani ni uzito wa kupokea waziri. Tulikuwa na shughuli zetu za kutafuta kuni na kuazima masufuria, na nani ana muda wa kusoma nyuso za wanaume?

Siku yenyewe ikafika. Tangu alfajiri nilikuwa namenya vitunguu na Jamila, binti ya baba mdogo, rafiki yangu wa damu, yule ambaye ukimchokoza mimi ndiye niliyepigana. Tukaona ng'ombe wawili wanaletwa. Tukafurahi, tukasema leo serikali imetukumbuka. Kisha ofisa akaja na vijana wake, akaeleza utaratibu kwa sauti nzuri. Ng'ombe huyu ni wa Waislamu, atachinjwa na Mzee Swali, atapikwa upande huu. Ng'ombe yule ni wa Wakristo, atachinjwa na mchinjaji kutoka mjini, atapikwa upande ule. Tenti mbili zimefungwa ili kila mtu awe huru. Hilo ndilo neno alilotumia, huru.

Nilimtazama baba yangu. Nilitegemea afanye mzaha wake mmoja, aseme, ah, mkubwa, sisi hapa ng'ombe mmoja anatutosha. Hakufungua mdomo. Alikuwa amevaa shati alilolivaa siku za Pasaka, amesimama karibu na mwenyekiti wa kijiji, mikono nyuma. Baba mdogo Swali naye alisimama upande wake, anatazama chini. Kisha akaenda kumchinja ng'ombe aliyeonyeshwa, na kamba ilishikwa na kijana mmoja asiyemjua. Ng'ombe wa pili alichinjwa na mtu mwenye mabuti ya mpira ambaye alifanya kazi yake haraka akaomba maji ya kunawa. Jamila akaambiwa ahamie jiko la upande wake. Aliondoka na kisu changu cha vitunguu mkononi, ananiangalia kama kwamba mimi ndiye ninayemfukuza.

Watu walipoanza kuja, kulikuwa na vijana mlangoni wenye vitambulisho shingoni. Walikuwa wanauliza jina. Ukisema Yohana unaelekezwa tenti hii, ukisema Rajabu unaelekezwa ile. Kwetu kuna Yohana ambaye mke wake ni Zainabu, wakatenganishwa na mtoto mgongoni. Watu walicheka mwanzoni. Walidhani ni mchezo wa watu wa Kampala.

Kisha akaja bibi yangu. Alikuwa mzee sana, anatembea na fimbo, na katika maisha yake alikuwa amebatizwa na pia alikuwa anafunga Ramadhani siku chache kumsindikiza Swali. Kijana wa mlangoni akamwuliza, "Mama, wewe iko upande gani?"

"Mimi iko mama yao," akasema bibi.

"Mama ya nani?"

"Ya hawa na ya hawa."

Kijana akababaika, akamwita mwenzake, mwenzake akamwita ofisa. Ofisa akainama kwa heshima, akamwambia anaweza kuchagua tenti yoyote anayopenda, zote zina viti vizuri. Bibi akaenda akakaa chini kwenye nyasi, katikati ya tenti mbili, juani. Wakamletea kiti, akakataa. Wakamletea sahani kutoka huku, kisha sahani kutoka kule, akakataa zote mbili. Waziri akaja, akahutubia. Alisema vizuri, sitamsingizia. Alisema Koboko ni mfano kwa nchi nzima, kwamba hapa Waislamu na Wakristo wanaishi kama ndugu. Watu wakapiga makofi, wa tenti hii na wa tenti ile.

Jioni, gari za serikali zilipoondoka, bibi aliwaita wanawe wawili mbele yetu sote. Hakupaza sauti. Alisema, "Nimewazaa katika nyumba moja nikawanyonyesha titi moja. Leo mutu ya serikali ameniuliza mimi ni wa upande gani, na nyinyi wote wawili mlikuwa mnasikia. Hakuna aliyesema huyu ni mama yetu, mwacheni. Serikali haijui nyumba yangu, siilaumu. Nyinyi mnaijua." Wote wawili waliinamisha vichwa. Laiti mmoja wao angesema neno moja tu jioni ile, mwanangu, hata neno la hasira. Walinyamaza, kila mmoja akaenda kulala, na baada ya muda mfupi bibi akahamia kwa binti yake kule Ajia. Alizikwa huko. Alisema hawezi kukaa kwenye uwanja ambapo watu wake wanatazamana kama wageni.

Utauliza ilikuwaje siku moja ikaharibu miaka. Na mimi nilijiuliza hivyo hivyo. Krismasi iliyofuata baba alinunua mbuzi. Alimfunga pale uwanjani, akawa anatazama nyumba ya ndugu yake, anatoka, anaingia, anatoka tena. Mama akamwambia, mwite basi. Baba akasema, "Kama anataka kuja atakuja, nisimlazimishe." Na kule ng'ambo, Jamila aliniambia baadaye, baba mdogo alikuwa amekaa tayari, amenoa kisu, anasema, "Kama wananitaka wataniita, nisijipeleke." Mpaka jua likawa kali, na baba akatuma mtu sokoni kumleta mchinjaji mwingine. Idi ilipofika, badala ya sisi kwenda kuzunguka sinia na wenzetu, tuliletewa chakula kwenye sahani iliyofunikwa kitambaa kizuri. Heshima kubwa, lakini ni heshima ya mgeni. Mama alipofunua kile kitambaa alilia.

Na ile kamati ya amani ikaendelea. Kila ikiitwa, baba anakaa kwenye kiti cha mwakilishi wa Wakristo, baba mdogo kwenye kiti cha mwakilishi wa Waislamu. Serikali ikileta mbegu, inauliza ngapi ziende msikitini, ngapi kanisani. Ikija kuchimba kisima, inauliza kichimbwe kwa nani. Wakazoea kusema watu wangu, watu wako. Waliendelea kusalimiana, tena vizuri sana. Hawakugombana hata siku moja, na hilo ndilo linaloniuma zaidi, maana watu wakigombana kuna wa kuwapatanisha. Wale wawili hakuna aliyewaona kama wamekosana.

Mimi nikaolewa, nikaja Arua. Miaka ikapita. Baba akaugua ugonjwa wa koo, chakula kikawa hakipiti. Nilimpeleka hospitali ya misheni Kuluva, wakamtunza vizuri, na mwishowe daktari akaniita pembeni akaniambia ukweli kwa upole. Nikamrudisha hapa hapa kwangu, chumba kile unachoweka spika zako sasa. Siku moja, nikiwa nampangusa uso, akaniuliza swali ambalo alikuwa amelikalia miaka yote hiyo.

"Keji, sisi tulimkosea nini Swali hata akakataa kula na sisi?"

Nikamwambia, "Baba, ni nani amesema alikataa?"

Ndipo akanieleza habari ya ule mwito wa ofisini. Ofisa alimkaribisha kiti, akamwita kiongozi wa Wakristo wa eneo hili, akampa soda. Akamwambia wenzake wa msikitini wangefurahi zaidi wakiandaliwa chakula chao peke yao, basi je, Wakristo wangekubali? Baba alishtuka. Alitaka kusema hapana, huyo unayemsema ni ndugu yangu na sisi tunakula hivi na hivi. Lakini palikuwa na mchungaji mmoja wa mjini amekaa pembeni anaitikia kwa kichwa, na palikuwa na picha ya rais ukutani, na baba alikuwa ameitwa kiongozi. Akaniambia, "Walinipa kiti cha kiongozi wa Wakristo, nikajibu kama kiongozi wa Wakristo. Laiti wangeniuliza kama kaka ya Swali, ningejibu vingine." Akasema, sawa, kama serikali inaona ni vyema.

Sikungoja. Nilipiga simu Koboko, na asubuhi yake baba mdogo Swali akateremka kwenye gari la kwanza, amezeeka, ndevu nyeupe, jogoo kwapani. Nilimwingiza chumbani. Walisalimiana kama kawaida yao, habari za shamba, habari za mvua, habari za watoto, mpaka nikatamani kuwapiga wote wawili. Mwishowe baba akasema, kwa sauti iliyobaki ndogo:

"Swali, kwa nini ulimwambia yule mtu ya serikali hutaki kula na sisi?"

Baba mdogo akasimama. "Mimi? Mimi niliambiwa ni nyinyi. Aliniita, akanipa kiti, akasema wenzako wa kanisa wangependa wachinje yao, tusiwakwaze."

"Na wewe ukasema nini?"

"Nikasema, sawa, kama serikali inaona vyema."

Kisha baba yangu, yule ambaye hakucheka mizaha yake mwenyewe, akacheka. Alicheka mpaka kikohozi kikamshika nikamwinua. Baba mdogo hakucheka. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda, akashika mguu wa kaka yake juu ya blanketi, akawa anasema, "Na mimi sikukuuliza. Na mimi sikukuuliza." Wala sidhani yule ofisa alidanganya, mwanangu. Nimemfikiria sana. Nadhani alikisia kila upande unataka nini, kisha akaenda kuusemea kwa upande mwingine kana kwamba ameambiwa. Alidhani anawasaidia watu wenye aibu. Mpaka leo pengine anakumbuka Koboko kama mahali ambapo shughuli yake ilikwenda salama bila meza kupinduliwa.

Jogoo alichinjwa nyuma ya nyumba. Baba alilazimisha tumbebe mpaka pale, akamshika jogoo miguu, mdogo wake akataja jina la Mungu. Nikapika mchuzi, nikauchuja, na baba akaomba juu ya bakuli. Vilipita vijiko vichache tu kooni. Akasema umezidi chumvi. Nilimwambia hata ukifa utaniachia lawama, na tukacheka wote watatu.

Alifariki wiki hiyo hiyo. Hapa ningependa nikwambie kwamba mambo yaliishia vizuri, maana ndugu walipatana, na wengi wanaosikia habari hii wanataka nikomee hapo. Siwezi. Tulimpeleka Koboko kumzika. Watu walijaa, wa msikiti na wa kanisa, hata wale waliotoka msituni zamani walikuja. Ng'ombe wa matanga amefungwa pale uwanjani. Baba mdogo Swali akatoka ndani kwake, amevaa kanzu, ameshika kisu chake, akaenda mpaka kwa ng'ombe wa kaka yake. Nilisimama nikasema moyoni, afadhali, afadhali hata leo.

Vijana wa kamati ya mazishi wakamzuia. Kwa adabu, wala hawakumsukuma. Mmoja, mtoto aliyezaliwa baada ya ile karamu, akamwambia, "Mzee, nyama ya upande wako iko kule, imeandaliwa. Hii ni ya upande yetu. Ndiyo mila ya hapa."

Baba mdogo akamwuliza, "Mila ya nani?"

"Ya wazee wetu," mtoto akajibu.

Baba mdogo alimtazama sana. Nilitegemea atamfokea. Mimi nilifoka. Nilipiga kelele kwamba hakuna mila kama hiyo, kwamba nilikuwepo siku ilipoletwa na gari la serikali, kwamba aliyelala kwenye jeneza alishika kamba ya kila ng'ombe pamoja na huyu. Wanawake wakanishika, wakasema mwacheni, mtoto wa marehemu ana uchungu. Mchungaji akasema kwa upole tusivuruge utaratibu. Sheikh kijana naye akasema, kweli, kila mtu awe huru. Baba mdogo Swali alikuwa hajalia tangu kaka yake afe. Alikaa chini kwenye udongo akalia kama mtoto, na watu walidhani analilia maiti. Chakula kilipoiva, sufuria hii na sufuria ile, hakula kokote.

Basi, mwanangu, sasa unajua kwa nini jana nilinyamaza uliponionyesha mpango wako. Mkutano wa meya na watu wa dini, tenti ya Waislamu, tenti ya Wakristo, na tenti ya tatu ya wakimbizi, ili kila mtu ajisikie vizuri. Ukaniomba nipike. Nilijua nikifungua mdomo jana nitasema maneno ya ukali, na wewe hujakosa kitu. Umepanga kwa roho safi. Yule ofisa naye alipanga kwa roho safi.

Ninachokuomba ni hiki. Usimwite mtu ofisini ukampa kiti chenye jina la dini yake, kisha ukamwuliza anataka nini. Atakujibu kama kiti kinavyotaka, na akitoka nje atakuwa ameacha ndugu zake ndani ya ofisi yako. Nenda kwao kwanza. Nenda siku ya matanga, nenda siku ya harusi, kaa, kula ulichopewa, uone ni nani anamchinjia nani na nani anamwombea nani. Usiende kwa wakubwa tu. Wapishi wanajua mengi, na wanapenda kuulizwa, mimi ni shahidi. Hawa wakimbizi wenzetu, unajua wewe wanasali na nani Jumapili kule kambini, na wanaazimana masufuria na nani? Mimi sijui. Wewe hujui. Tusiwapangie tenti kabla ya kujua. Na ukitaka kuuliza jambo linalogusa watu wawili, waulize wakiwa wawili, wanatazamana, hata kama itachukua siku nzima na soda nyingi. Usimbebee mtu maneno ambayo hakuyasema, hata kama unayaona ni maneno mazuri.

Serikali ni kubwa, mwanangu. Inaweza kufanya jambo asubuhi moja, ikaondoka na magari yake, na watu wadogo wakalishika jambo hilo maisha yao yote, wakawafundisha watoto wao, watoto wakaliita mila. Wewe sasa ndiye serikali. Ukiona mtu mzima amenyamaza mbele yako, usiandike kwamba amekubali. Simama, umwulize tena, na ikiwezekana umwulize nyumbani kwake. Na nyinyi mnaoitwa, mkiwemo wadogo zako wanaojiita viongozi wa vijana kanisani, semeni. Semeni kwa heshima, lakini semeni siku hiyo hiyo. Baba yangu alikuwa mtu mwema kuliko mimi, na alibeba neno moja kooni mpaka koo likafunga. Baba mdogo naye yupo hai bado, anakula peke yake siku za sherehe kwa sababu hajui aende upande gani.

Sogea, nikuwekee mkono kichwani kama bibi alivyotufanyia. Mungu aliyewaumba Luka na Swali akupe masikio mapana kuliko ofisi yako. Akupe ulimi wa kuuliza na subira ya kungoja jibu. Wakubwa wako wakupende, na wadogo wasikuogope. Akulinde barabarani, akupe mke mwenye akili na watoto wenye kelele. Na siku yako ikifika, uwe umezeeka mpaka umechoka, na wote watakaokuja kukulilia washibe.